Mbwa wa Gligor Afundishwa Kurudi Gotini

Siku Gligor alipohamia jengo letu, wa kwanza kupita mlangoni hakuwa yeye. Alitangulia mbwa, ikafuata kamba, ukafuata mkono wa mzee umenyooka unataka kung'oka begani, ndipo akaja mwenyewe, kofia ya manyoya imemshuka machoni, akitukana chinichini. Mimi nakaa ghorofa ya chini, na mlango wangu nilikuwa nimeuacha wazi kwa sababu nilikuwa napiga deki. Mbwa akaingia na matope yake, akafika jikoni, akanusa sufuria, akatoka akimburuta mzee nyuma yake. Hakuna aliyebisha hodi.

"Usiogope, bibie," mzee akasema akihema. "Haumi watu huyu. Anauma mbwa mwitu tu."

"Basi hapa atakufa njaa," nikamjibu. "Mbwa mwitu wa jengo hili wote wana miguu miwili."

Akacheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo tulivyojuana, na sijuti, ingawa sakafu niliipiga deki upya.

Gligor alikuwa mchungaji. Simaanishi alifuga kondoo kadhaa nyuma ya nyumba. Namaanisha alikwenda nao milimani tangu akiwa mtoto wa kupanguswa kamasi, na kila mwaka, tangu theluji inapoyeyuka hadi inaporudi, alilala juu ya majani ndani ya koti la ngozi, mbwa wamemzunguka. Mkewe alikufa. Magoti yakagoma. Kisha kifua kikaanza kumbana, na siku moja walimkuta amekaa kwenye jiwe, hawezi kusimama, kondoo wametawanyika, na mbwa huyu mmoja amelala miguuni pake akimngurumia kila aliyetaka kumsaidia. Bintiye Livia, anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha mikate hapa mjini Brașov, akapanda kumchukua. Mumewe Livia yuko Italia anaendesha malori, na mara nyingi nadhani yuko huko zaidi kuliko anavyohitajika. Kondoo wakauzwa. Mzee akasema anakuja na Corbu, la sivyo haji.

"Mama Aneta," Livia aliniambia, "ningekubali hata aje na punda, alimradi aje."

Corbu maana yake ni kunguru, na kweli alikuwa mweusi, ila kifuani alikuwa na baka jeupe kama amemwagikiwa maziwa. Mbwa mkubwa, kichwa kipana, macho ya mtu anayekufikiria vibaya. Hakuwahi kufungwa kamba maishani mwake. Hakuwahi kuona ngazi, wala lifti, wala mbwa mdogo aliyevishwa sweta. Alipomwona wa kwanza alisimama kwa muda mrefu, nadhani kwa huruma.

Shida ilikuwa kamba. Mjini mbwa lazima awe na kamba, na Corbu akifungwa kamba alivuta. Hakuvuta kwa utundu. Gligor alinieleza mwenyewe, jikoni kwangu, kikombe cha kahawa mkononi: mbwa wa mlimani hutangulia. Hapo ndipo mahali pake. Anakwenda mbele kuangalia kona, kijito, kichaka, nyuma yake ndipo kondoo wanakuja. Mbwa anayetembea kando ya mchungaji ni mzigo tu.

"Sasa kondoo hawapo," akasema. "Ameangalia nyuma akaniona mimi. Basi ananichunga mimi. Kila kona ya mji huu anataka kuifika kabla yangu."

"Na wewe unafika kwa pua."

"Nafika kwa pua, ndiyo."

Alisema hivyo kwa sababu uso ulikuwa bado umevimba. Wiki ileile ya kwanza, barafu imeganda kila mahali, Corbu alimwona mtu ng'ambo ya barabara amebeba gunia, akaona si mtu wa kawaida, akaenda kumkagua. Gligor alikwenda naye kwa tumbo. Nyusi ilipasuka, ikaja kushonwa baadaye. Livia alilia ngazini, na hapo hapo, kana kwamba aliitwa, akashuka Bwana Sabău.

Sabău ndiye msimamizi wa jengo. Amestaafu ofisini lakini ofisi haijastaafu ndani yake. Huvaa tai kwenda kutupa taka.

"Mzee," akasema, "kwenye jengo hili mtu humtembeza mbwa. Mbwa hamtembezi mtu. Akikuburuta tena mbele za watu, au akimwangusha mkazi yeyote, nawaita wakamata mbwa wa manispaa. Na mbwa wa ukubwa huu wakimpeleka kule, hatoki. Chama cha wakazi kimeshakaa kuhusu jambo hili."

"Kimekaa lini?" nikauliza. "Mimi si mkazi?"

"Nimekaa mimi," akasema Sabău.

Ningecheka, lakini Livia alikuwa amepauka. Nyumba si yake, amepanga, na mwenye nyumba na Sabău ni watu wa kunywa pamoja. Alipomaliza kumfuta baba yake damu, aliniambia taratibu, mzee akisikia, kwamba neno moja la Sabău likifika kwa mwenye nyumba watatoka wote.  Gligor aliweka mkono juu ya kichwa cha Corbu, akauacha hapo. Nilielewa pale pale kwamba mzee huyu akiondolewa mbwa hatamaliza mwaka.

Jambo la kwanza alilojaribu lingemjia mtu wa milimani tu. Huko juu, mbwa akiwa na tabia ya kukimbiza paa na sungura, huning'inizwa kipande cha mti shingoni, kimelala kukingama mbele ya miguu. Akitembea taratibu hakimsumbui. Akikimbia kinampiga magotini. Kila mchungaji anacho, na wawindaji wasipokiona wana haki ya kupiga kelele. Gligor akachukua mpini wa ufagio wa Livia, akaukata, akautoboa, akamvisha Corbu. Akaona amemaliza kazi.

Mlimani kuna nafasi, bwana. Ngazi zetu wanapishana watu wawili, na mmoja awe mwembamba. Corbu akashuka na mti umekingama shingoni, akafagia kila kilichokuwa njiani. Mimi nilikuwa napandisha mtungi wa kabichi ya chumvi kutoka stoo. Mti ukanigonga muundi, mtungi ukaniponyoka, na mwezi mzima ngazi za mlango wetu zilinuka kabichi. Tarishi alipanda dirishani kumkwepa Corbu. Na mbwa wala hakupunguza mwendo! Siku ya pili alishajifunza kuinamisha kichwa upande ili mti umkae ubavuni, akavuta kama kawaida. Alipoteleza ulimpiga, akavuta hivyo hivyo. Gligor alipoona damu kwenye miguu ya mbele ya Corbu aliufungua mti akautupa jalalani, akakaa kwenye ngazi akamfuta mbwa kwa kitambaa chake cha kanisani.

Livia akanunua kola ya miba dukani. Nilikuwapo alipoileta. Gligor aliigeuza mkononi, akaigeuza tena.

"Hii imeshonwa kinyume," akasema. "Miba inaangalia ndani."

"Ndivyo ilivyo, baba. Akivuta, inamchoma, anaacha."

"Miba ya mbwa inaangalia nje, mwanangu. Ni ya kumchoma mbwa mwitu. Inamwangalia adui." Akaiweka mezani mbali naye. "Nani kaamua kwamba adui ni koo lake?"

Livia akairudisha dukani. Alikuwa amechoka na zamu, hakubishana.

Ikabaki njia moja, nayo mzee aliijua tangu zamani lakini hakutaka kuitaja. Aliitaja kwangu, akiwa amekunywa pombe kidogo ya plamu. Kila kundi la kondoo lina dume moja la kengele, linalotembea gotini kwa mchungaji, na wengine wote hulifuata. Dume hilo hufundishwa kwa chumvi. Unakwenda nalo, chumvi kiganjani. Likikutangulia, unasimama. Husemi, hupigi, unasimama tu kama umekufa, mpaka lirudi lenyewe gotini. Likirudi, linalamba. Kisha unakwenda tena.

"Sasa si umfundishe hivyo hivyo?" nikasema. "Umpe jibini badala ya chumvi."

"Dume la kengele huhasiwa kwanza, Aneta. Ndiyo maana linafuata." Akanywa. "Unajua Corbu nilimfundishaje? Alikuwa mdogo. Usiku dubu alikuja zizini, mtoto wa mbwa akaogopa, akanirudia gotini. Nikamgeuza kwa buti. Mbele! Akarudi tena, nikamgeuza tena. Msimu mzima, kila akirudi, buti. Mpaka akaelewa kwamba kwangu hakuna pa kurudi, pa kwenda ni mbele tu. Akawa mbwa. Sasa nimwambie nini? Kwamba nilikuwa natania?"

 Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesaini asichokitaka, "Lakini watamchukua." Akaniomba kisu, akakata jibini vipande vidogo vidogo.

Walianza kesho yake, uwanjani nyuma ya gereji, karibu na mapipa ya taka, pale mji unapoishia na msitu unapoanzia. Nikawa naangalia dirishani. Corbu akavuta, Gligor akasimama. Corbu akavuta kwa nguvu zote, Gligor amekumbatia nguzo ya kamba za kuanikia kwa mkono mmoja, hatikisiki. Corbu akageuka akamtazama. Akavuta tena. Akalala kwenye theluji. Akaanza kulia kama mtu. Siku ya kwanza hawakufika hata kwenye mapipa, na mzee alirudi midomo ya bluu.

Watu wa jengo letu hawana huruma na kitu wanachoweza kukitazama bure. Baraza za ghorofa zote zilijaa watu.

"Mzee, betri imekwisha?" mmoja akaita.

"Msukumeni kidogo, labda atawaka!"

"Acheni, anapigwa picha!"

Gligor hakuinua macho. Alisimama, akangoja, na mbwa aliporudi kumnusa, kiganja kikafunguka gotini, jibini ikatoka. Hatua mbili. Mbwa mbele, kamba ikakaza, mzee akafa. Mbwa akarudi, mzee akafufuka. Hivyo hivyo majira yote ya baridi. Livia alimpelekea chai uwanjani, alimsihi, alimkemea, alimtishia daktari. Mimi nilimpelekea soksi za marehemu mume wangu. Kwaresima ilipoingia mzee alifunga kama anavyofunga siku zote, hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai, anakula ugali wa mahindi na kitunguu, na mfuko wake umejaa jibini ya mbwa.

"Padri akikunusa atakunyima komunyo," nikamtania.

"Padri afundishe mbwa kwanza, ndipo aje anihukumu."

Na ikashika. Sijui ilishika siku gani. Asubuhi moja niliangalia nikaona kamba imelegea, imeinama katikati kama tabasamu, na Corbu anatembea na bega lake limegusa goti la mzee. Akitangulia kidogo tu, akihisi kamba imekaza, alisimama mwenyewe, akageuka, akarudi, akakaa, akainua uso kuangalia kiganja. Magari yalipita. Mbwa wa sweta akapita akimtukana. Corbu alitazama kiganja.

Sabău alikutana nao ngazini siku moja kabla ya Jumapili ya Mitende. Corbu akakaa ukutani kumpisha. Sabău akasimama, akarekebisha tai.

"Sasa huyu ndiye mbwa, mzee. Hongera. Jambo lile nimelifuta."

Gligor akashukuru, akaingia kwangu, akafunga mlango, akajifunika uso kwa kofia. Nilidhani moyo umemshika. Kumbe analia. "Hawamchukui, Aneta," akasema. "Hawamchukui tena." Nami nikalia, mjinga mimi, ambaye tangu utoto nawaogopa mbwa. Tukanywa ile ya plamu ingawa ilikuwa Kwaresima. Corbu alilala chini ya meza, na nilipodondosha kijiko akaruka, akaenda kukaa gotini kwa mzee. Mzee akaacha kunywa, akamwangalia. Kisha akampapasa.

Jumatatu ya Pasaka niliwakuta mlangoni asubuhi. Mzee amevaa shati jeupe la kitani na kizibao cha manyoya, amenyolewa na Livia, amependeza hasa. Nilikuwa na mfuko wa mifupa ya mwanakondoo naenda kuutupa. Nikampa yai jekundu la Pasaka, nami nikashika langu, tukagonganisha kuona la nani litapasuka.

"Kristo amefufuka!"

"Kweli amefufuka! Lako limepasuka, bibie, utakufa kabla yangu."

Tukaenda pamoja nyuma ya gereji, tukipiga soga. Mapipa yalikuwa yamefurika, maganda mekundu ya mayai yamezagaa, kila nyumba imechinja. Kwetu dubu hushuka, kila mtu anajua, lakini hushuka vuli, na usiku. Huyu alikuwa jike, ametoka tu kwenye usingizi wa baridi, mbavu zinahesabika, na nyuma yake, kwenye mwanzo wa miti, watoto wawili. Alitokea nyuma ya pipa na fuvu la mwanakondoo mdomoni. Akaliachia.

Mfuko ulinidondoka. Manyoya ya Corbu yalisimama kuanzia shingoni hadi mkiani, na kifuani mwake ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aje, sauti nene, kutoka mbali. Akaruka mbele. Nilimwona jinsi alivyokuwa, namaanisha alivyokuwa kweli, huko juu, na kwa Mungu dubu naye alimwona, maana alirudi nyuma hatua moja. Gligor alishtuka. Mkono wake ukakaza, kama mkono wa yeyote ungekaza. Kamba ikanyooka.

Corbu akasimama. Akageuka. Akarudi gotini kwa mzee, akakaa, amempa dubu mgongo, akainua uso kuangalia kiganja.

"Mbele!" Gligor akapiga kelele. "Corbu! Mbele, mwanangu, mbele!"

Mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima. Masikio yalikuwa nyuma kwa dubu lakini macho yalikuwa kwenye kiganja. Mzee akampiga kwa buti ubavuni. Corbu akajibana zaidi gotini. Na ule mkono mwingine, sijui kwa nini, bado ulikuwa umeshika kamba, umeikamata kama kifo. Dubu akaja. Hakuja kwa hasira hata, alikuja kama mtu anayeondoa kitu njiani. Pigo moja, kisha meno.

Halafu watu barazani wakaanza kugonga masufuria, Sabău akatoka na pajama, bila tai, akabonyeza honi ya gari lake bila kuachia, na dubu akawakusanya watoto wake akaingia msituni. Gligor hakuwa na hata mkwaruzo. Corbu alichukua muda kufa. Alijiburuta kidogo, akaweka kichwa kwenye kiatu cha mzee, na ilibidi mimi nivishike vidole vya Gligor, nivifungue kimoja kimoja, ili kamba itoke.

Tulimzika pembeni ya msitu. Majirani walewale wa barazani walikuja na majembe, lazima niseme haki. Jioni Sabău alibisha kwa Livia, amevaa suti.

"Pole sana, mzee. Alikuwa mbwa mwenye adabu. Mpaka mwisho alikuwa mwenye adabu."

Livia akamshukuru na kumsindikiza haraka, kwa sababu aliona uso wa baba yake.

Gligor hakutoka nje tena majira yale. Alikuwa akishuka mpaka kwangu, mkono ukutani, anakaa jikoni, kahawa inapoa. Sikumwuliza.  Siku moja akaanza mwenyewe, akizungumza na meza.

"Nilikuwa nimevaa shati la Pasaka," akasema. "Ile jibini ilikuwa kwenye koti la kila siku, ghorofani. Aneta, alikaa pale, dubu nyuma yake, ananingoja nimpe, na mimi mfukoni sikuwa na kitu."